Kutazama treni za mizigo si wizi: kwa nini tunafukuzwa kwenye makutano ya reli?

Ndugu wanajukwaa, naandika kutoka Malindi nikiwa na hasira, na sitaificha. Mimi ni mmoja wa watu wachache wa huku pwani ambao burudani yao ni kusafiri hadi miji midogo ya bara ambako reli hukutana, wakasimama mahali salama na kutazama treni za mizigo zikipita. Juzi, nikiwa nje kabisa ya ua wa kituo kimoja ambacho sitakitaja, ng'ambo ya barabara, alinijia mlinzi, akaninyang'anya simu, akafuta picha zangu zote za mabehewa, kisha akaniuliza nimetumwa na nani. Nimetumwa na nani! Mtu mzima mwenye mvi, mbele ya treni inayopita mchana kweupe, inayoonekana na kila mbuzi wa mtaa ule.

Anayetembea juu ya reli na akamatwe, kwani hilo ni kosa na ni hatari. Mimi sikufanya hivyo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba vya kutazamwa tunavyo. Chukueni Voi: ipo reli ya zamani ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, lipo tawi la kwenda Taveta, lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ipo reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017, yenye upana wa milimita 1,435, hivyo behewa la njia moja haliwezi kuingia katika nyingine. Mwenye subira husoma biashara ya nchi nzima hapo, kwa sababu treni zinazopanda kutoka bandarini huunguruma kwa uzito wa shehena, ilhali nyingi ya kontena zinazoshuka huwa tupu.

Huko Marekani, mji mdogo wa Rochelle, Illinois, ambako njia za kampuni mbili za reli, Union Pacific na BNSF, hukatana, umewajengea watazamaji bustani yenye jukwaa la kuezekwa, na kipaza sauti cha kusikilizia mazungumzo ya redio ya wafanyakazi wa treni. Fostoria, Ohio, nao wametenga bustani kwenye pembetatu ya reli zao. Mgeni anayengoja treni hula na hulala mjini, sisi tunamfukuza.

Wala msiniambie nitazame za kwetu. Malindi haina reli, na Lamu, ambako mradi wa bandari na reli ulizinduliwa mwaka 2012 na gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021, treni bado haijaonekana.

Ninachodai ni kivuli, kibao kinachoonyesha mwisho wa mtu kusimama, na walinzi waelezwe kwamba simu ya raia si mali yao. Kama ipo sheria inayomkataza aliye nje ya ua kupiga picha treni, anayeijua akitaje kifungu chake, maana mlinzi yule nilipomwuliza alinionyesha rungu.