"She found him an honest lawyer": watu wawili au watatu?

Kalamu_Kavu

Wakuu, naomba kueleweshwa. Napitia tafsiri ya hadithi fupi ya Kiingereza, na mimi na mtafsiri tumekwama kwenye sentensi moja: "She found him an honest lawyer." Yeye kaandika "Alimpatia wakili mwaminifu." Mimi naisoma "Alimwona kuwa wakili mwaminifu." Kila mmoja kafungua kitabu chake cha sarufi na kila mmoja kapata pa kusimamia. Aya yenyewe haitusaidii, maana ina wanaume wawili, mmoja kashtakiwa na mwingine ni mwanasheria, na huyo "him" anaweza kuwa yeyote kati yao.

Sitaki jibu la sentensi hii tu. Kitenzi ni kile kile, "him" ni ile ile, kirai nomino ("an honest lawyer") ni kile kile, na katikati hakuna kihusishi, kama "to" au "for", wala alama yoyote. Mwenye lugha yake anajuaje? Na kuna vitenzi vinavyokubali maana moja tu? Atakayeniambia "utazoea" namwomba apite kimya kimya.

Nahau_Tupu

Mbona rahisi mkuu. "Him" ni kitondo, yaani anayepokea; "lawyer" ni kipozi, yaani kinachopokelewa. Mjadala umefungwa.

BiSarufi

Haujafungwa, ndugu yangu Nahau. Umejibu nusu moja ya swali, tena nusu ambayo hakuna aliyekuwa na shida nayo.

Kalamu, mimi huwafundisha watu wazima, na istilahi huziweka kando mpaka wawe wameshika jambo lenyewe. Kati ya kiwakilishi na nomino inayokifuata, ingiza neno la Kiswahili: NI au ANA. "They called him a liar": yeye NI mwongo. "They gave him a book": yeye ANA kitabu, au angalau anakipata. Katika NI, nomino ya pili ni kijalizo, yaani inamtaja mtu yule yule. Katika ANA kuna viwili tofauti, mpokeaji na kitu, na hapo ndipo kipozi na kitondo vya Nahau vinapofanya kazi.

Vitenzi vingi vimeshachagua upande. "Consider", "elect", "declare" na "crown" ni vya NI. "Give", "send", "lend", "hand", "offer" ni vya ANA, na huwezi kuvilazimisha kwingine. Tabu inaletwa na vile vichache vinavyokaa pande zote mbili: "find", "make", "leave", "call". "His uncle left him a fortune" ni ANA. "The war left him a broken man" ni NI. Kuna mzaha mkongwe wa Kiingereza unaosimama juu ya "call": mtu anasema "Call me a taxi", mwenzake anamjibu "Sawa, wewe ni teksi."

Kwa sentensi yako, jaribu mambo mawili. Kwanza badilisha "him" iwe "them" na uiache nomino ya pili katika umoja: "She found them an honest lawyer." Maana yako, Kalamu, imekufa papo hapo, kwa sababu watu wengi hawawezi kuwa wakili mmoja. Ya mtafsiri bado inapumua. Kisha geuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa, ukiitanguliza nomino: "An honest lawyer was found for him." Hiyo nayo inabeba ANA peke yake. Majaribio haya hayakuambii mwandishi alikusudia nini. Yanakuonyesha kwamba sentensi moja imeficha miundo miwili, na kwamba wewe na mtafsiri wako wote mna haki.

Mkinilazimisha kupiga kura, naenda na mtafsiri. Kiingereza kikitaka kutoa maoni kwa "find", mara nyingi huweka kivumishi kitupu, "she found him honest", au huongeza "to be". Ikija nomino inayotaja kazi ya mtu, sikio la kwanza husikia kutafutiwa.

Kalamu_Kavu

Bi Sarufi, ahsante sana, hii ya "them" naiiba. Ila umenifungulia jingine. "Explain" mbona halimo? Anayeelezwa anapata maelezo, kwa hiyo ANA. Lakini "explain me the problem" kila mhariri anaipiga mstari.

BiSarufi

Karibu kwenye shimo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaingia kwa miguu yote miwili.

Lugha yetu ina kauli ya kutendea. Chukua karibu kitenzi chochote, chomeka -i- au -e-, na mtu anapata nafasi pale pale ndani ya kitenzi: nifungulie mlango, wameniibia simu, amemfia mama yake. Hata msiba unapata shamirisho, yaani mtendwa! Kwa hiyo mtu anajenga kwa uhuru ule ule: "open me the door", "they stole me the phone". Kiingereza hakina kiambishi hicho. Kiti kinachofuata kitenzi bila kihusishi kimewekewa anayekipata kitu chenyewe. Mlango ukifunguliwa hupati mlango, kwa hiyo "open the door for me". Simu ikiibwa umeipoteza, kwa hiyo "stole my phone" au "stole the phone from me". Lakini "pour me a drink" inapita bila tatizo, kwa sababu kinywaji kinakuja kwako.

Sasa "explain". Kimaana ni jirani kabisa wa "tell", na "tell me the story" ni safi. Hapa maana haitoshi, asili na mkazo vinaingia. "Give", "tell", "send" ni maneno ya Kiingereza cha kale. "Explain", "describe", "suggest", "donate" yalitoka Kilatini, mengine kupitia Kifaransa, na kwa kawaida mkazo wake hauko kwenye silabi ya kwanza. Kundi hilo hutaka "to" kabla ya mtu: "explain the problem to me". "Offer" na "promise" nayo yana asili ya Kilatini, lakini mkazo uko mwanzoni na yanakubali muundo wa "give". Usiichonge hiyo kwenye jiwe, "assign" na "award" zinaivunja mchana kweupe: "they awarded him a prize."

Na lile swali lako la kwanza, kwamba hakuna alama ya kutofautisha: zamani ilikuwapo. Katika Kiingereza cha kale anayepokea alikuwa "him" na anayetendwa alikuwa "hine". "Hine" ikatoweka katika lugha sanifu, "him" ikarithi kazi zote mbili.

Mpita_Njia

Shikamoo Bi Sarufi. Nakuletea mbili za kukuchokoza. "She made him a good wife." NI hapo itamgeuza mwanamume kuwa mke. Na "the scandal cost him his job": huyu ANA nini, ilhali kazi imekwenda?

BiSarufi

Marahaba. Nilijua atatokea mtu.

Ya kwanza ni adimu kweli kweli: NI inaruka juu ya "him" na kumrudia mtenda. Yeye mwanamke ndiye mke mwema, "him" ni mwenye kunufaika. Nje ya "make" sioni kitenzi kingine cha kawaida kinachofanya hivyo, kwa hiyo ikariri peke yake.

Ya pili ni ANA iliyopinduliwa. "Cost", "deny", "refuse" huzungumzia kukosa au kunyang'anywa: "they denied him entry." Bado uhusiano ni wa mtu na kitu, si wa mtu na sifa yake. "Cost" ina ukaidi wa ziada, haikubali "to": huwezi kusema "cost his job to him".

Nahau_Tupu

Nimekubali kushindwa kwa heshima. Ila "I gave the man it" mbona inakwaruza, na "I gave him the book" haikwaruzi?

BiSarufi

Kwa sababu kifupi na kinachojulikana hutangulia, kirefu na kipya hufuata. Mjerumani Otto Behaghel aliliandika hilo tangu 1909. "It" ikiwa ndiyo kitu, ipeleke mbele na umpe mtu "to": "I gave it to the man." Uingereza utawasikia wengine wakisema "give it me", lakini katika maandishi rasmi iepuke.

Kalamu_Kavu

Tumebaki na "Alimpatia wakili mwaminifu", mtafsiri kashinda. Kabla sijaondoka: "we regarded him a friend" nayo iko humu kwenye kurasa za mwisho. NI, sivyo?

BiSarufi

Kimaana NI, kisarufi imekosewa. "Regard" hutaka "as" kila mara. Kama mwandishi anachukia "as", ampe "consider".