Mjadala: Kodiani itolewe kwenye taarab asilia?

Mpenda Bashrafu:
Wakuu, heshima mbele. Kila likija suala la jukwaa la taarab asilia ubishi ni uleule: kinanda cha umeme marufuku, gitaa marufuku. Sina neno. Ninachouliza ni kwa nini kodiani, kile kinanda cha mivukuto kinachovaliwa kifuani, inapita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho. Ilisajiliwa Vienna mwaka 1829, huku kwetu ikaingia watu walipozoea filamu za Misri na za Bombay, leo imekaa katikati ya mafidla kana kwamba Sayyid Barghash, sultani wa Unguja anayesemwa kuleta taarab, ndiye aliyeileta. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Zisikilizeni. Udi upo, fidla ipo. Kodiani iko wapi?

Na si suala la umri tu. Maqamu zetu, yaani ngazi za sauti kama bayati, rasti na saba, zina sauti zinazokaa kati ya vitufe viwili vya kinanda. Fidla inazipata, udi unazipata, kanuni, lile sanduku la waya, ina vile vibati vidogo ubavuni vya kupandishia na kushushia waya. Kodiani haina ujanja huo. Sasa likundi zima linaanza kumfuata yeye asiyeweza, na msikilizaji anazoea. Tuseme ukweli: kile ni chombo cha ngoma za bara, mwomboko na kadhalika, na kwenye taarab ni kimbilio la aliyeshindwa fidla. Karibuni kwa hoja, matusi wekeni pembeni.

Mtoto wa Kikwajuni:
Umesema matusi pembeni halafu wewe ndiye umeyaleta. "Kimbilio la aliyeshindwa fidla"? Ami yangu kapiga kodiani klabu miaka nenda miaka rudi, na fidla alikuwa anapiga vilevile, tena vizuri. Alichaguliwa kodiani kwa sababu ana pumzi ya mkono. Weye ulishawahi kuibeba ile kitu kifuani kutoka bashrafu, ule muziki wa ufunguzi usio na maneno, mpaka wimbo wa mwisho, kanzu imelowa mgongo mzima? Hebu jaribu halafu urudi hapa utwambie nani kashindwa.

Mkuu Temeke:
Naweka kiti, nimeleta na karanga.

Mpenda Bashrafu:
Kikwajuni, sijamtaja ami yako. Nimezungumzia sauti za kati na hakuna aliyejibu.

Mtoto wa Kikwajuni:
Hujamtaja kwa jina. Wapiga kodiani wa taarab pale mjini wanahesabika, kila mtu anamjua kila mtu.

Kinanda cha Nyeri:
Mimi nilikuwa napita tu, nikaona "ngoma za bara". Ndugu, mwomboko si takataka ya kutupiwa kile usichokitaka. Wazee wetu Waagikuyu waliwaona masetla wakicheza waltz na foxtrot, wakachukua kile kinanda na zile hatua, wakavipinda wapendavyo. Wakaongeza karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijichuma, na mashairi yakawa yao. Mwanamume na mwanamke wameshikana, hatua mbili, goti linakunjwa, wanageuka. Na msisahau muthirigu, ngoma yetu nyingine, ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1930 kwa sababu ya maneno yake. Kwa hivyo watu walijua vizuri kabisa ngoma inaweza kubeba nini. Leo hakuna Mgikuyu atakayekuambia kodiani si ya mwomboko eti kwa sababu ilitoka Ulaya. Nyinyi ndio mnaona haya na chombo chenu wenyewe.

Mpenda Bashrafu:
Sikuidharau mwomboko. Nilisema kila chombo na nyumba yake.

Kinanda cha Nyeri:
Ulisema "ngoma za bara, mwomboko na kadhalika". Hiyo "na kadhalika" ndiyo iliyonikera.

Mswahili wa Kuze:
Kodiani kwangu si kitu, ikae itoke. Lililonichoma ni hili neno asilia, na hesabu yenyewe ikaanzia kwa Barghash. Barghash katawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kwani Lamu walikuwa bubu kabla ya hapo? Watu walikuwa wakiimba mashairi kwa kibangala, yaani gambusi, ule udi mdogo wa pwani, harusi zikichezwa, na hakuna aliyengoja ruhusa ya Unguja. Zein l'Abdin alizaliwa Lamu. Msikizeni udi wake halafu mnambie huo ustadi ulishuka kutoka jumba gani la sultani.

Mtoto wa Kikwajuni:
Ndiyo hayo sasa. Kila mjadala wa taarab lazima Mombasa waje na Lamu yao. Kuimba mashairi kwa gambusi ni jambo moja, taarab ni jambo jengine. Taarab ni kundi, ina bashrafu, ina kanuni, watu wamekaa wamepangwa. Klabu yetu ya Ikhwani Safaa imeundwa 1905. Nyie 1905 mlikuwa na klabu gani?

Mswahili wa Kuze:
Tulikuwa na watu wanaojua kuimba. Klabu ni daftari na ada ya uanachama.

Mkuu Temeke:
Hapo Kuze umeua 😂

Ila wakuu, mimi mtoto wa Temeke ngoja niwachokoze. Taarab niliyokulia mimi ni ya kwenye ukumbi, kinanda cha umeme, spika kama makabati, Khadija Kopa anaimba akina mama wanainuka na noti mkononi kwenda kutuza. Hiyo kodiani yenu nimeiona kwenye picha. Mnabishana nani afukuzwe kwenye chumba ambacho watu wameshahama.

Shangazi Hana Dogo:
Wewe mtoto wa Temeke hiyo si taarab, hiyo ni mipasho ya kurushana roho. Mnaingia ukumbini hamjui hata beti linasema nini, mnasubiri kijembe tu mumwangalie jirani.

Mkuu Temeke:
Shikamoo Shangazi. Kwani zamani vijembe havikuwepo? Siti mwenyewe aliimbiwa vya kumcheka sura na asili yake, naye akajibu kwa wimbo kwamba uzuri si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Au hiyo nayo ni mipasho ya Temeke?

Shangazi Hana Dogo:
Marahaba. Alijibu kwa fumbo, mwanangu. Nyinyi mnajibu kwa namba ya simu.

Fundi Vyombo:
Naona hoja ya sauti za kati imeachwa yatima, ngoja niichukue maana ndiyo kazi yangu. Ukiifungua kodiani ndani utakuta safu za ndimi, vibati vyembamba vya chuma vimefungwa kwenye vitundu, kila kitufe na ulimi wake, mmoja wa kuvuta na mmoja wa kusukuma. Sauti inategemea unene na urefu wa ule ulimi. Ukiukwangua kidogo kwenye ncha inapanda, ukiukwangua karibu na shina inashuka. Wamisri waliligundua hilo zamani, wakazikwangua kodiani zao mpaka zikatoa robo sauti, ndiyo maana mnasikia kodiani kwenye okestra kubwa za Cairo inapiga rasti na bayati bila aibu. Kwa hiyo Mpenda Bashrafu si kweli kwamba chombo hakiwezi. Kilichopo huku kwetu ni kwamba kodiani nyingi zinapigwa jinsi zilivyotoka kiwandani, kwa sababu ukishaukwangua ulimi huurudishi, na chombo chenyewe ni kimoja klabu nzima.

Jengine: mkono wa kushoto una vitufe vya besi na vya sauti za pamoja. Kwenye taarab mpigaji mara nyingi anauacha ule upande kabisa, anafuata wimbo kwa mkono wa kulia pamoja na mafidla, wa kushoto unavuta mivukuto tu. Nusu ya chombo haitumiki. Sasa mtu akisema kodiani imeibadilisha taarab mimi namwambia taarab ndiyo imeikata kodiani ikabaki inachokitaka.

Mtoto wa Kikwajuni:
Fundi, ya ami ina vitufe viwili havirudi juu ukivibonyeza. Unatengeneza?

Fundi Vyombo:
Kutu hiyo, hewa ya bahari. Au springi imelegea. Usiitie mafuta ya kupikia, watu wanafanya hivyo. Nitumie picha pembeni.

Kinanda cha Nyeri:
Na mivukuto ikichanika kwenye pembe? Yangu nimeibandika plasta ya kidonda imeshika vizuri lakini inapumua kidogo.

Fundi Vyombo:
Plasta itakaa hadi msimu wa mvua. Tafuta ngozi laini na gundi ya viatu.

Nipo Maskati:
Salamu kutoka huku. Nimesoma yote nikacheka. Kwenye harusi za huku Omani kinanda cha umeme kina swichi maalumu juu ya vitufe, unabonyeza mi inashuka robo, unapiga bayati safi kabisa. Yaani hicho mnachokipiga marufuku kwa jina la asili ndicho kinachoipata maqamu, na hicho mnachokiruhusu ndicho kinachoipotosha. Mtapanga sheria gani hapo?

Mpenda Bashrafu:
Ndiyo hoja yangu hiyo! Sheria ifuate sauti, isifuate waya wa umeme.

Mtoto wa Kikwajuni:
Hoja yako ilikuwa itolewe. Sasa imekuwa sheria ifuate sauti. Jana kulikuwa na mtu kaandika "kimbilio", au alikuwa mwengine?

Mpenda Bashrafu:
Sikusema itolewe moja kwa moja. Nilihoji kwa nini ikae katikati. Soma vizuri.

Mkuu Temeke:
Mkuu, kichwa cha mada umekiandika wewe mwenyewe na "itolewe" imo. Umekula maharage ya wapi leo?

Shangazi Hana Dogo:
Niwaambie jambo ambalo nyinyi wanaume hamtaki kulisema. Kodiani ilipata nafasi kwa sababu inasikika. Udi ni wa sebuleni. Harusi ikiwa uwanjani, watoto wanalia, vyombo vinaoshwa, biriani linapakuliwa, udi hausikiki hata kwa bibi harusi. Kanuni nayo ukipanga waya zake dakika nzima upepo ukipita zimelegea tena. Kodiani mtu anaivaa anaanza. Mimi nimekaa upande wa wanawake miaka yote hiyo, tulikuwa tunajua wimbo umeanza kwa sababu ya kodiani. Mafidla tuliyaona mikono tu ikienda.

Mpenda Bashrafu:
Shangazi kwa heshima zote, kusikika si kigezo cha asili. Hata honi ya daladala inasikika.

Shangazi Hana Dogo:
Unanilinganisha na daladala?

Mpenda Bashrafu:
Kodiani, Shangazi. Siyo wewe.

Shangazi Hana Dogo:
Haya. Nimekusikia.

Mswahili wa Kuze:
Na Tanga mwaiweka wapi kwenye hiyo asilia yenu? Kundi la Black Star walipiga taarab kwa magitaa ya umeme, Shakila akaimba, na Mombasa nzima ikapenda. Zile nyimbo leo mtu akizisikia aziita za zamani, alia machozi. Kwa sheria ya Unguja Shakila angezuiwa mlangoni.

Mtoto wa Kikwajuni:
Hakuna aliyemgusa Shakila. Tanga ina ladha yake na hatuikatai. Tunachokataa ni nyie kujifanya taarab ilitoka kwenu mkatuuzia.

Mswahili wa Kuze:
Hatukuwauzia. Mlichukua bure.

Nipo Maskati:
Wallahi mkiwa huku Ghuba nyote mnaitwa Waswahili na nyote mnaambiwa muziki wenu ni wa Kimisri ulioharibika kidogo. Nimeyasikia haya harusini na nikanyamaza kwa sababu ya chakula.

Mkuu Temeke:
Shukuruni kodiani yenu inaleta povu tu mtandaoni. Lesotho wana muziki unaitwa famo, ulianzia kwa Wasotho wachimba madini kule Afrika Kusini, kodiani na ngoma. Makundi yake yamegeuka magenge ya kuuana, na mwaka 2024 serikali ikayapiga marufuku. Huko ukisema "kimbilio la aliyeshindwa fidla" hurudi nyumbani.

Kinanda cha Nyeri:
Kwa hivyo Lesotho ni yao, Madagaska ni yao, kwetu ni yetu. Ni nyinyi tu pwani mnaoiwekea kesi. Mimi sielewi mnaogopa nini.

Mpenda Bashrafu:
Hatuogopi. Kwenu kodiani haikukuta kanuni. Ilikuta nafasi wazi. Kwetu ilikaa kwenye kiti cha mtu. Nitajie wapiga kanuni vijana unaowajua Unguja sasa hivi, uwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe tangu 2002 kinafundisha vyombo hivi, nakipa heshima yake, lakini mtoto akishajua kidogo anakimbilia hotelini kupigia watalii nyimbo mbili tatu hizohizo.

Mtoto wa Kikwajuni:
Atakula nini? Utamlipa wewe akae nyumbani apange waya za kanuni?

Mpenda Bashrafu:
Hilo ni suala la wizara.

Mtoto wa Kikwajuni:
Aa, sasa imekuwa ya wizara. Na Kuze usijifiche, swali langu hujalijibu. Mohamed bin Ibrahim alipelekwa Misri kujifunza muziki na nani? Jibu hilo moja tu, Lamu iweke mfukoni.

Mswahili wa Kuze:
Kisa hicho kila mtoto akijua. Alipelekwa na Barghash. Na akarudi na ujuzi wa chombo gani? Wa kanuni. Hakurudi na kodiani. Haya, panda juu ukasome mada uone umemsaidia nani.

Mpenda Bashrafu:
Ahsante Kuze.

Mswahili wa Kuze:
Usinishukuru, kibangala kilitangulia kanuni.

Mtoto wa Kikwajuni:
Fundi, nimekutumia picha, umeziona?