Mama mkwe kaniondolea ndimu, kaniletea matango. Kipi kina lishe zaidi?

Mkaza Mwana, Muheza

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nina mimba ya wiki 22, ya kwanza. Mume wangu ni dereva wa lori, muda mwingi yuko njiani, kwa hiyo hapa nyumbani tuko wawili, mimi na mama mkwe.

Juzi kliniki walinipima damu, ikasoma 9.6. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikaambiwa nile maharage, mchicha na dagaa. Sikupata nafasi ya kuuliza zaidi, foleni ilikuwa ndefu.

Sasa shida ni ndimu. Mimi bila ndimu chakula hakipiti. Maharage nakamulia, mchicha nakamulia, hata uji. Mama alipoisoma kadi yangu akaenda moja kwa moja kwenye kapu, akatoa ndimu zote, akampa jirani. Akaniambia, "Mwanangu, ndimu inakausha damu. Tutampoteza mtoto." Tangu siku hiyo ananinunulia matango mawili kila siku na ananimenyea kwa mkono wake. Anasema tango ni la baridi, lina vitamini na linaongeza damu.

Mama huyu amenipokea kama binti yake wa kumzaa. Sitaki kumbishia, na kama nitasema neno, nataka liwe la kweli. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: kati ya ndimu na tango kipi kina lishe zaidi? Na ni kweli ndimu inakausha damu?

Umm Khairat, Wete

Pole mdogo wangu. Hata sisi tumelelewa hivyo. Nilipovunja ungo, bibi alinikataza ndimu na embe mbichi kila nikiwa katika siku zangu, eti damu itakatika. Nina watoto wanne, mimba zote nimezilea kwa ndimu kwa sababu ya kichefuchefu, na damu haikuwahi kunipungukia. Lakini miili haifanani, usichukue yangu kama dawa. Ngoja wanaojua.

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu, na hongera ya ujauzito. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka 31, Korogwe kisha Tanga mjini, na wakwe wengi nimewaona wakiwaleta wake za watoto wao kwa mapenzi kama ya mama yako. Nitakujibu taratibu.

Gramu 100 za ndimu zina vitamini C kama miligramu 29. Gramu 100 za tango hazifiki miligramu 3. Ukiishia hapo utasema ndimu imelishinda tango mara kumi. Lakini nani anakula gramu 100 za ndimu? Ndimu yetu moja ukiikamua mpaka mwisho inatoa vijiko viwili vya chakula, kama gramu 30, na humo mna miligramu 9 tu. Tango zima la gramu 300 lina miligramu 8 na kidogo. Mezani, kwa vitamini C, karibu ni sawa.

Kwa mengine tango liko mbele, kwa sababu unalila zima. Potasiamu inapita miligramu 400 kwa tango zima, wakati maji ya ile ndimu moja hayafiki 40. Lina vitamini K, inayosaidia damu kuganda mtu akijikata, na zaidi ya nusu yake inapotea ukitupa ganda. Kwa hiyo mwombe mama asilimenye, ila alioshe sana kwa maji safi. Maji nayo ni asilimia 95 ya tango. Wewe unayemeza vidonge vya damu, ambavyo huleta choo kigumu, maji hayo yana faida kwako.

Lakini kuongeza damu, hapana. Damu inataka madini ya chuma, na tango halifikishi hata miligramu 0.3 kwa gramu 100. Mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Ungetaka kuzipata kwenye matango peke yake, ungekula zaidi ya kilo 9 kila siku. Ndimu nayo haina chuma cha kutegemea.

Kazi ya ndimu ni nyingine. Chuma cha maharage, dengu na mchicha ni kigumu kunyonywa na utumbo. Vitamini C ikikutana nacho tumboni, katika mlo uleule, inakilainishia njia. Ndiyo maana mkono wako ulikuwa unafanya jambo la maana bila kujua, ulipoikamulia maharage. Ikamulie sahani, usiikamulie sufuria iliyo motoni, maana moto unaiharibu vitamini C.

Kuhusu kukausha damu. Nadhani wazee wetu waliona jambo la kweli wakalipeleka mbali. Samaki ukimpaka ndimu, nyama inageuka nyeupe na wekundu unapauka. Mtu akiona hivyo anasema, na damu yangu itapauka vivyo hivyo. Lakini ndimu ukiimeza haiendi kwenye mishipa ikiwa ndimu. Inaingia tumboni, ambamo tayari mna asidi kali kuliko yake, inamengenywa. Ndimu haikaushi damu, haiipunguzi. Inachoweza kukufanya ni kiungulia, hasa mimba ikikua, na kula meno ukiinyonya kavu. Suuza kinywa kwa maji ukimaliza.

Sasa nikuambie ninachokitaka hasa. Ndimu moja yenye miligramu 9 inasaidia, lakini kidogo. Wewe uko Muheza, mwanangu! Kwenye machungwa! Chungwa moja la wastani linakupa miligramu 70 hivi. Pera linazidi hata hilo, gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 200. Kula chungwa au pera papo hapo na maharage yako, na mama hatakuwa na neno, kwa sababu hayo hayaogopi.

Chai ya rangi isikaribie mlo huo wala vidonge, iache ipite saa moja au mbili, maana inakizuia chuma. Na nijibu kwa ukweli, hapa hakuna anayekujua: unakula udongo? Kama unakula, acha. Udongo unakishika chuma, mwili usikipate. Vidonge usiviruke hata siku moja. Kwa damu ya 9.6 chakula peke yake hakitoshi.

Mkulima wa Mombo

Mimi nalima matango ya kumwagilia. Kwa hilo la kula na ganda, muulize muuzaji lilipigwa dawa lini, na usione aibu kuuliza. Ncha ya upande wa kikonyo ikiwa chungu, kata uitupe, na kama tango zima ni chungu usilile. Ndimu chagua yenye ganda jembamba na laini, iviringishe mezani kwa kiganja kabla ya kukata, maji yanatoka mengi zaidi.

Halafu watu wanachanganya ndimu na limau. Limau kwa uzito uleule lina vitamini C karibu mara mbili ya ndimu. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza, James Lind, aliwapa mabaharia wawili wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, machungwa mawili na limau moja kila siku, na hao ndio waliopata nafuu upesi kuliko wenzao wote. Baadaye jeshi lao la majini lilihamia kwenye ndimu, na kiseyeye kikarudi kuwasumbua. Nesi amesema kweli, chungwa kwanza.

Mkaza Mwana, Muheza

Nesi, Mungu akulipe. Jibu lako nimemsomea mama juzi usiku, neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu. Nilipofika kwenye machungwa akasema, "Machungwa hayana neno," na asubuhi akaja na fungu zima. Sasa nakula moja kila nikila maharage. Chai tumeihamishia alasiri. Tango nalila na ganda lake.

Udongo, ndiyo. Vijiti vitatu vinne kwa siku, nilikuwa navificha chini ya godoro na mama hakujua. Nimemwambia. Tumevitupa pamoja, na leo ni siku ya pili.

Ndimu bado hajairudisha kapuni. Lakini jana kwenye mchicha nilikuta nusu imekaa pembeni ya sahani yangu, na yeye ameinama anakula chake. Tunarudi kliniki baada ya wiki mbili, safari hii anakuja na mimi. Nitawaletea namba.