Naomba ushauri: nafundisha wanangu nyumbani, yamenifika shingoni

Habari zenu jamani. Tupo Texas, na tangu Agosti nawasomesha wanangu wawili nyumbani, wa miaka 9 na 6. Sheria ya huku hainisumbui: shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi, haihitaji kusajiliwa popote, mradi ufundishe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Kinachonisumbua ni saa nne asubuhi.

Hapo ndipo mkubwa anakwama kwenye kugawanya, machozi yanadondokea daftari, na mdogo niliyemwachia herufi za kuandika kashachora ukuta. Maharage nayo yanaungua jikoni. Baba yao katoka zamu ya usiku, amelala chumba cha pili, kwa hiyo hata kugomba nagomba kwa kunong'ona. (Mmewahi kujaribu? Haimtishi mtu.)

Jana uvumilivu ulinishinda, nikamfokea mkubwa kwa sababu ya 56 gawanya kwa 8. Akaniuliza, "Leo wewe ni mwalimu au mama?" Nikaenda kujifungia bafuni.

Mama mkwe akipiga simu kutoka Moshi, swali ni lile lile: "Na shule wanaanza lini?"

Kuwarudisha shule sitaki, angalau si mwaka huu. Wenye watoto wa umri tofauti, mnawapangaje? Ukiwa na mmoja, mwenzake unampa kazi gani asiharibu nyumba? Na hesabu nikizihamishia jioni, baba yao akiwa ameamka, kuna ubaya?