Maswali ya muziki wa kilasiki Jumamosi usiku: mnyororo wa herufi, herufi tano, kipande cha sauti au kitendawili?

MwanaKwaya_Tudor
Habari za jioni, wapenzi wa muziki. Kundi letu la WhatsApp limekua. Walioanza walikuwa wanakwaya watupu, sasa wameingia wanafunzi wa piano na fidla, na wazee wawili watatu wa taarabu wenye masikio makali kutushinda sote. Jumamosi usiku twataka tuwe na mchezo wa maswali kuhusu muziki wa kilasiki wa Ulaya, na kila mtu anavutia kwake. Wengine wanataka mnyororo wa herufi: ukitaja mtunzi, anayekufuata ataje anayeanza na herufi uliyoishia. Wengine neno la herufi tano, unabahatisha mara sita. Vijana wanataka kipande cha sauti. Halafu wapo wanaosema tutegeane vitendawili, dokezo baada ya dokezo.

Naomba maoni ya waliowahi kucheza. Mimi natazama mambo mawili: mwenye bando la shilingi ishirini asiachwe nyuma, na mtu akizima simu awe amejua jambo ambalo asubuhi hakulijua.

Fidla_ya_Kizingo
Mnyororo nimeucheza sana na wenzangu wa Nairobi na Dar. Kwa bando hauna mpinzani, maana ni maandishi matupu. Na unaanza kwa moto. Handel, Liszt, Tchaikovsky, kisha ghafla mmekwama, kwa sababu Y ina watu wachache: Ysaÿe wa Ubelgiji, Isang Yun wa Korea, halafu kimya. Warusi wengi wanaishia hapo hapo, Stravinsky, Mussorgsky, na Debussy anawafuata. Waitaliano ndio balaa zaidi. Vivaldi, Corelli, Paganini, Rossini, Bellini, Donizetti, Verdi, Puccini: wote I. Wanaoanza na I na kukumbukwa haraka ni Ives, Ibert na Ireland. Mchezaji hodari anawaweka Waitaliano akiba, anangoja hao watatu watajwe, kisha anakutupia Puccini na raundi imekwisha.

Kuna na tahajia. Rachmaninov au Rachmaninoff? Ya kwanza inakupa V, ambako wako Vivaldi, Verdi, Vaughan Williams na Villa-Lobos. Ya pili inakupa F: Fauré, Franck, Falla. Mkiuchagua mchezo huu, kubalianeni tahajia mapema, na wekeni sharti kwamba jina likiishia I au Y mtu arudi nyuma herufi moja. Vivaldi atakupa D, na D ni tele: Debussy, Dvořák, Delibes, Dukas.

Ila kwa kujifunza, mnyororo ni mwembamba. Mtu anaondoka na jina la Ibert mdomoni, hajui noti yake hata moja.

Mwalimu_wa_Piano_Nyali
Hiyo tahajia anayoilalamikia Fidla, kwangu ni faida. Neno la herufi tano nalitumia na wanafunzi wangu wadogo. Majina yapo ya kutosha: Haydn, Verdi, Bizet, Ravel, Grieg, Holst, Elgar, Satie, Weber, Gluck. Siku niliyowawekea Liszt, mtoto mmoja alijaribu A, E na O, zote zikatoka kijivu, yaani hazimo. Akakaa kimya, akahesabu kwa vidole konsonanti zilizobaki, kisha akaandika L-I-S-Z-T akiwa wima. Jina lile hatalisahau.

Kasoro yake ni kwamba kila mtu anacheza peke yake, kisha mnaoneshana miraba ya rangi. Kundi linapoa. Na Bach hamo, Mozart hamo, Beethoven, Brahms, Chopin na Schubert hawamo, kwa kuwa herufi zao si tano. Kwa watoto sawa. Kwa kundi la watu wazima, usiku mzima bila Bach, mimi nasema hapana.

Mkiupenda hata hivyo, wekeni sharti: anayelipata neno ana dakika moja ya kutaja kazi moja ya mtunzi huyo na chombo kinachoongoza. Hapo jina linapata uhai.

KijanaLikoni
Shikamooni wakubwa. Mimi naona muziki usiposikika, huo unakuwa mtihani wa historia. Wekeni sauti, sekunde kumi tu. Huwa nacheza nikiwa kwenye foleni ya feri, na ujumbe wa sauti wa sekunde kumi haumalizi bando.

Fidla_ya_Kizingo
Marahaba, kijana. Hoja yako ina uzito. Lakini Shazam, ile programu ya simu inayotambua wimbo, utaifanya nini? Mtu anaweka simu ya pili ubavuni, jibu linatoka kabla wengine hawajafungua ujumbe.

KijanaLikoni
Hatuweki rekodi, mwalimu wangu. Anayeuliza anapiga makofi ya mdundo peke yake. Nilifikiria kuvuma kwa mdomo, lakini tangu 2020 Google nayo inatambua wimbo uliovumwa, kwa hiyo makofi ni salama zaidi. Piga mdundo wa ile ngoma ndogo ya Boléro ya Ravel, ya 1928. Mdundo ule haubadiliki toka mwanzo hadi mwisho, karibu robo saa, vyombo ndivyo vinaingia mmoja baada ya mwingine juu yake. Mwenye kuujua ataujua kwa makofi matupu. Au piga matatu ya haraka na moja la kukaa: simfonia ya 5 ya Beethoven, hata mtoto atasema.

Mwalimu_wa_Piano_Nyali
Hilo la makofi ni zuri na nitaliiba kwa ajili ya darasa. Ila vipande vinavyotambulika kwa mdundo pekee ni vichache. Chukua nocturne yoyote ya Chopin, vile vipande vyake vya piano vya usiku, uipige makofi, nani ataitambua? Uzuri wake wote uko kwenye sauti inayoimba juu ya mkono wa kushoto.

Bi_Mkubwa_wa_Makadara
Wanangu, nimewasoma nyote, na nasema kitendawili. Ndicho tulicholelewa nacho, na ndicho kinachokidhi yale mawili ya mwenye swali. Lakini kitegwe kama inavyostahili.

Mtegaji aandike "Kitendawili!" na walio tayari wajibu "Tega!". Hapo hapo mnajua nani yuko mchezoni na nani amelala. Madokezo yawe matano, gumu litangulie. Atakayetegua kwa la kwanza apate pointi tano, la pili nne, hivyo hivyo mpaka moja. Wakishindwa wote, mtegaji aombe mji, kama tulivyokuwa tukifanya barazani.

Na mji ndiyo roho ya mchezo huu. Muziki wa kilasiki ni muziki wa miji. Kwa hiyo mji wanaompa uwe wa muziki, na mtegaji asichukue pointi zake mpaka aeleze jambo moja la kweli lililotukia huko. Wakimpa Dublin, aseme Messiah ya Handel iliimbwa huko kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742. Nyinyi wanakwaya mnaiimba Haleluya yake kila Krismasi. Aongeze basi kwamba ndani ya kazi yenyewe Haleluya hufunga sehemu ya pili, ya mateso na ufufuko, si ile ya kuzaliwa. Wakimpa Prague, aseme opera ya Mozart, Don Giovanni, ilioneshwa huko kwa mara ya kwanza 1787. Wakimpa Leipzig, aseme Bach alihudumu huko kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Akinyamaza, pointi zaenda kwa aliyeutoa mji, mradi yeye mwenyewe awe na jibu. Hivi hata aliyeshindwa kutegua bado ana njia ya kushinda, na kundi zima limesikia jambo jipya.

Sasa la kugugo. Dokezo la kwanza lisiwe mwaka wala mji. Mwaka unatafutika kwa sekunde mbili, tena hauna uaminifu. Ukisema "nimezaliwa 1685" umetega watu watatu: Bach, Handel na Domenico Scarlatti. Ukisema 1810 wanakuja Chopin na Schumann. 1813, Verdi na Wagner. Na msitege kwa "simfonia yangu ya tisa", maana Beethoven anayo, Dvořák anayo, Bruckner alikufa hajaimaliza yake. Tegeni kwa tukio. Mfano: "Wanamuziki wangu waliinuka mmoja mmoja, kila mtu akizima mshumaa wake, wakabaki wawili wa fidla." Hiyo ni simfonia ya 45 ya Haydn, ya mwaka 1772. Bwana wao aliwakawiza kwenye kasri la Esterháza, mbali na wake na watoto wao, na Haydn akamfikishia ombi la ruhusa kwa muziki. Nani atasahau hadithi hiyo baada ya kuitegua?

MwanaKwaya_Tudor
Bi Mkubwa, kwaya nzima hatukuwa tukijua hilo la sehemu ya pili. Ahsante sana.

Udi_wa_Kibokoni
Nakubali kitendawili. Ombi langu ni moja: maswali yafike pwani yetu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kundi la taarabu la Ikhwani Safaa la Unguja lilianzishwa 1905. Hiyo nayo ni muziki wa asili yenye mizizi, kwa nini isitegwe?

Mwalimu_wa_Piano_Nyali
Kaka Udi, kwa heshima, mimi ningeutengea taarabu usiku wake. Ukiichanganya utaipunja. Swali moja la taarabu kati ya kumi ya Vienna litaonekana kama mgeni mlangoni.

Udi_wa_Kibokoni
Basi tutumie mji alioufungua Bi Mkubwa. Mkinipa Cairo, nitawapa mambo mawili. Aida, opera ya Verdi, ilioneshwa huko kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1871. Wakati huo Sayyid Barghash yuko kwenye kiti Unguja, na ni kutoka Cairo hiyo hiyo ndipo baraza lake lilipokuja kupata mlio wa ala za nyuzi, kanuni na udi. Mji mmoja, kizazi kimoja, milango miwili. Sitaki swali la kumi. Nataka mji tu.

Mwalimu_wa_Piano_Nyali
Kwa njia hiyo nimeridhika kabisa.

Fidla_ya_Kizingo
Tujaribu kimoja hapa hapa. Kitendawili!

KijanaLikoni
Tega!

Fidla_ya_Kizingo
Niliandika mkusanyiko wa vipande vya kuchangamsha marafiki, nikakataza usichapishwe nikiwa hai, isipokuwa kipande kimoja.

KijanaLikoni
Schubert?

Fidla_ya_Kizingo
Siye. Dokezo la pili, pointi nne: bara lenu nimelitaja kwa jina kwenye kazi yangu ya piano na okestra.

Udi_wa_Kibokoni
Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone.

Fidla_ya_Kizingo
Umekaribia bara, mtunzi siye. La tatu: Paris nilizaliwa, Algiers nikafia.

Bi_Mkubwa_wa_Makadara
Camille Saint-Saëns. Mkusanyiko ni ule wa wanyama, wa 1886, na kipande alichokiachia ni cha bata maji, cha selo. Kazi ya piano yaitwa Africa, 1891. Nipeni pointi zangu tatu.

Mwalimu_wa_Piano_Nyali
Na konseto yake ya 5 ya piano, 1896, aliiandika Luxor. Fidla, ungeiweka hiyo dokezo la pili. Ile ya Africa imetaja mno.

MwanaKwaya_Tudor
Imepita: kitendawili kwa madokezo matano, na mji. Mdundo wa makofi uruhusiwe kuwa dokezo moja kati ya matano, kwa ajili ya Kijana. Herufi tano abaki nayo Mwalimu darasani. Tunaanza Jumamosi saa tatu usiku.

KijanaLikoni
Swali moja la sheria. WhatsApp inamruhusu mtu kuhariri ujumbe kwa dakika 15. Mtu akiandika "Brahms" kisha akageuza "Saint-Saëns"?

MwanaKwaya_Tudor
Ujumbe uliohaririwa hauhesabiwi, hata kama ni kosa la tahajia tu. Aandike upya chini, na saa ya ujumbe mpya ndiyo itakayotazamwa.