Je, kuna picha inayoonyesha maumivu yenyewe? Mdogo wangu haaminiki nyumbani

DadaWaUmoja:
Wadau, naombeni ushauri. Mdogo wangu ana miaka 29, alikuwa wa bodaboda. Mwaka juzi aligongwa kwa nyuma pale Jogoo Road, akaanguka kwa makalio. Hakuvunjika popote, lakini mpaka leo kiuno kinamchoma na maumivu yanateremka mguu wa kushoto hadi kisiginoni. Tukipanda matatu, kila tuta analijua kabla dereva hajalifikia. Anashika chuma cha juu, ananyanyuka kitini, tukishavuka anakaa tena polepole. Nani ataigiza hivyo miaka miwili?

Shida ilianzia kwenye MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Tulichanga, akapigwa, ripoti ikasema diski moja, yaani ule mto kati ya pingili za mgongo, imejitokeza kidogo, hakuna neva iliyobanwa. Mjomba ndiye aliyetoa pesa nyingi. Alichomoa filamu kwenye ile bahasha kubwa, akaiinua dirishani kama anayekagua noti bandia, akasema, "Huyu hana kitu. Ni uvivu." Sasa kuna kliniki (siitaji) inayodai ina skani ya kuonyesha maumivu yakipita mgongoni hadi kwenye ubongo, ila tulipe nusu kwanza. Kipo kitu kama hicho? Nataka mjomba aone kwa macho yake.

Kitunguu_Saumu:
Kama ipo nipigwe mimi tarehe tano, mwenye nyumba aone maumivu yangu 😂 Pole lakini, dada.

ZamuYaUsiku:
Nafanya kazi chumba cha MRI, mwaka wa kumi na moja huu. Usilipe hata shilingi. Aliyewaambia amechukua jambo la kweli la maabara akaligeuza bidhaa.

MRI aliyopigwa huonyesha umbo: mifupa, diski, neva zinapotokea. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Kwa hiyo picha mbaya haimaanishi mtu anaumwa, na picha safi haimaanishi haumwi. Mimi mwenyewe nimeshamsaidia mtu kushuka kitandani machozi yakimtoka, na picha yake ni safi kama ya kitabuni.

Hiyo skani nyingine ipo, lakini kwa watafiti. Hufuata damu yenye oksijeni inavyoongezeka pale neva zinapofanya kazi. Seiji Ogawa na wenzake ndio waliofungua njia hiyo mwaka 1990. Kwenye ubongo inakwenda vizuri. Kwenye ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva ndani ya pingili, ni kazi ya jasho. Ugwe hauzidi unene wa kidole kidogo. Mifupa inayouzunguka inavuruga sumaku, na maji uliomo yanasukwasukwa kila moyo unapodunda. Mtu akimeza mate tu, picha ya shingo imeharibika. Picha za kwanza za namna hii za ugwe zilichapishwa 1996, na hadi leo watafiti huchoma ngozi kwa joto mara nyingi, kwa watu wengi, ndipo wapate kidoa kimoja. Kidoa hicho ni wastani wa kundi. Hakuna wa kumlaza mdogo wako akatoa filamu na kusema haya hapa maumivu yake, saba kwa kumi.

DadaWaUmoja:
Asante sana. Lakini mjomba atasema basi yako kichwani tu.

ZamuYaUsiku:
Hapo ndipo hizo picha zinakusaidia. Huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 2009, watafiti waliwapaka watu wazima wenye afya krimu mkononi wakiwaambia inaua maumivu, kumbe haina dawa yoyote. Wakawachoma kwa joto. Maumivu yao yalipungua, sawa, lakini ajabu ni kwamba ishara ilipungua ndani ya ugwe wenyewe, kituo cha kwanza kabisa kabla habari haijafika kichwani. Mwaka 2012, mji uleule, waliwapa watu kazi ngumu ya kukumbuka vitu huku wakichomwa, ishara ya ugwe ikapungua tena. Walipowadunga naloksoni, dawa inayozuia ile morfini ya mwili wenyewe, sehemu ya nafuu ikaondoka.

Watafiti Melzack na Wall walishasema mwaka 1965 kwamba mgongoni kuna kama lango la kupitisha au kuzuia maumivu. Amri ya kulifunga inateremka kutoka shina la ubongo, juu kidogo ya shingo. Njia hiyohiyo huweza pia kulifungua zaidi, maumivu yakazidi ilhali jeraha limepona. Mwambie mjomba hiyo ni mishipa ya fahamu ikifanya kazi, uvivu haumo.

Mama_Fizio:
Naongezea ya kwetu sisi mafizio, watu wa mazoezi ya viungo. Pesa ya skani pelekeni kwa daktari atakayempima kwa mikono: nguvu ya mguu, hisia, kinyundo cha goti. Maumivu ya kuchoma yanayoteremka mguu yana dawa zake, tofauti na zile za kununua dukani. Kisha mazoezi, kidogokidogo, hata siku anapoogopa. Akipata ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukikataa au ukitoka wenyewe, au miguu ikilegea, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na dada, analala?

DadaWaUmoja:
Halali. Saa tisa namsikia akizunguka sebuleni.

Mama_Fizio:
Basi hilo lisemeni la kwanza mkiingia kwa daktari.

DadaWaUmoja:
Nimemsomea mjomba jana jioni. Amenyamaza kitambo, kisha akauliza huyo wa kinyundo anapatikana siku gani. Bahasha ameirudisha juu ya kabati. Kuna anayemjua fizio mzuri upande wa Donholm?