Haki ya mtuhumiwa kunyamaza imebaki jina tu!

Wakuu, leo sizunguki mbuyu. Haki ya kunyamaza mbele ya polisi inamomonyolewa, na wanaoimomonyoa ni majaji wale wale tuliowategemea wailinde.

Chukueni kesi ya Thompkins kule Marekani. Mtuhumiwa wa mauaji, kaingizwa kwenye kichumba, kapewa fomu ya haki zake, kagoma kusaini. Wakaanza kumhoji. Saa nzima ikapita, kimya. Ya pili nayo, kimya, labda "sijui" au kutikisa kichwa. Katika machache aliyotamka ni kwamba hataki pipi waliyompa na kwamba kiti ni kigumu. Mahojiano yalipotimiza kama saa 2 na dakika 45, mpelelezi akamgeuzia Mungu: unamwamini? Machozi yakamlengalenga. Unamwomba akusamehe kwa kumpiga risasi yule kijana? "Ndiyo." Neno hilo likapelekwa mahakamani kama ushahidi, na akafungwa maisha.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikabariki. Eti hakutamka kwamba anataka kunyamaza! Jamani, mtu akae kimya karibu saa tatu halafu aambiwe alipaswa kufungua mdomo ndipo kimya chake kihesabike? Jaji Sotomayor alipinga, akasema uamuzi huo unaipindua juu chini Miranda, ile hukumu inayowataka polisi wamsomee mtuhumiwa haki zake kabla ya kumhoji. Niko naye. Miranda ya 1966 ilisema mtuhumiwa akionyesha kwa namna yoyote kwamba hataki kuhojiwa, mahojiano yakome. Kwa namna yoyote!

Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikaongeza kwamba polisi asipokusomea haki hizo, huwezi kumdai fidia kwa sababu hiyo peke yake. Uingereza nako, tangu sheria ya 1994, jambo ulilowanyamazia polisi ukija kulitumia kujitetea, kimya chako kinaweza kuhesabiwa dhidi yako.

Na msiniambie "asiye na kosa ana nini cha kuficha". Mtu kakamatwa usiku, hajalala, anatetemeka, akikosea siku moja tu maelezo yake yanaitwa uongo. Mwenye pesa hayamkuti hayo, wakili wake anafika mapema.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilishasema mwaka 2008, kwenye kesi ya Salduz, kijana wa miaka 17 aliyehojiwa bila wakili: kwa kawaida wakili apatikane tangu mahojiano ya kwanza. Basi wakili awepo, na kamera iwashwe mlango wa kile kichumba unapofungwa, si pale mtu anapoanza kukiri.